Mbegu za nyasi za asili zinazouzwa Nairobi: ipi ununue, ipi uiache, na ploti itakavyokuwa mwaka wa 10

Ukiulizia mbegu za nyasi za asili katika agroveti za Nairobi, mara nyingi utaletewa mojawapo ya aina nne: Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba, Enteropogon macrostachyus au Chloris roxburghiana. Tatu za kwanza Wakamba huziita ndata kivumbu, mbeetwa na nguu, na ni vyema uyajue majina hayo kwa sababu wanaovuna mbegu huyatumia kuliko ya Kilatini. Siku hizi kuna pia mfuko wa mchanganyiko, unaouzwa hasa kwa wenye ploti za Kitengela, Syokimau, Athi River na Ngong wanaotaka kurudisha uwanda uliokuwapo kabla tingatinga halijapita.

Uhakiki huu ni wa mbegu hizo nne na wa mchanganyiko wake. Nyasi za kutandika, kama Pemba na Kikuyu, hazimo: hizo ni za bustani ya kukatwa kila mara, na hazidai kuwa uwanda. Boma Rhodes nayo haimo. Ni nyasi ya Afrika kweli, ila ilichaguliwa kwa ajili ya lishe ya ng'ombe wa maziwa na hupandwa peke yake kama zao.

Kigezo tulichotumia hakiandikwi kwenye mfuko wowote: ploti itakuwa na mimea gani baada ya miaka 5, na gani baada ya 10. Kwa kipimo hicho, mbeetwa inapata nyota 4 kati ya 5. Nguu inapata 3. Ndata kivumbu inapata 4 kwenye udongo mwekundu au wa kichanga, na 1 kwenye udongo mweusi wa pamba. Chloris roxburghiana inapata 3, kwa sababu ni nyasi bora lakini mbegu yake ni ngumu kuota. Mchanganyiko unapata 2, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ni sababu ya hizo mbili.

Kilo ina mbegu ngapi zilizo hai?

Nyasi hizi haziuzwi kama mahindi, punje wazi. Ndani ya mfuko kuna vifuko vyenye manyoya, vijiti, makapi na vumbi, na kati ya vifuko hivyo vingi huwa vitupu. Nyasi hukomaza mbegu kwa zamu: ncha ya suke hukomaa na kupukutika wakati sehemu ya chini bado ni mbichi. Anayevuna kwa kukata suke zima siku moja hupata uzito mkubwa na mbegu chache. Anayepapasa suke kwa vidole na kuchukua kinachotoka chenyewe, akirudi tena baada ya siku chache, hupata kidogo kilicho kizuri.

Kwa hiyo bei ya kilo haikwambii chochote. Unachotafuta ni bei ya kilo ya mbegu hai: usafi wa mfuko mara kiwango cha kuota. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mfuko wa kwanza ni shilingi 1,000 kwa kilo, usafi asilimia 60, kuota asilimia 30; mbegu hai ni asilimia 18, na kilo moja hai inakugharimu takriban shilingi 5,550. Mfuko wa pili ni shilingi 1,600, usafi asilimia 80, kuota asilimia 50. Mbegu hai ni asilimia 40, na kilo hai inagharimu shilingi 4,000. Ulioonekana ghali ndio rahisi.

Mfuko wenye lebo kamili utakuwa na jina la nyasi, mwezi na mahali ilipovunwa, usafi na kiwango cha kuota. Mbegu nyingi za nyanda kavu huvunwa kwa mkono na vikundi vya wakulima na hufika mjini bila kupita kwenye ukaguzi wa KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na mimea, hivyo kazi ya kupima inabaki kwako. Fanya hivi kabla ya kununua nyingi. Nunua gramu 100. Chukua vifuko kadhaa na uvisugue kwa kidole gumba juu ya kiganja: chenye mbegu utahisi punje ngumu ndani, kitupu husagika kuwa makapi. Kisha hesabu vifuko 100 vilivyojaa, vitandaze juu ya karatasi ya shashi iliyoloweshwa ndani ya sahani, funika kwa nailoni na uweke jikoni mahali penye joto. Hesabu vilivyoota siku ya 7, ya 14 na ya 21. Nguu huanza mapema. Mbeetwa na Chloris huchelewa, kwa hiyo usizihukumu kabla ya wiki ya tatu. Ndata kivumbu inaweza kutoa miche zaidi ya mmoja katika kifuko kimoja. Hesabu kifuko, usihesabu mche.

Kosa linaloharibu msimu mzima ni umri. Mbegu mpya za nyasi hizi hulala: ziko hai, lakini hazioti hata ukizimwagilia. Kwa ndata kivumbu usingizi huo unaweza kuchukua miezi 6 hadi 12. Mbegu zilizovunwa Juni au Julai baada ya mvua ndefu, ukizipanda Oktoba mwaka huohuo, nyingi zitabaki chini zikiliwa na sisimizi. Zilizovunwa Januari au Februari, baada ya mvua fupi, ndizo za kupanda Oktoba. Za Julai ziache hadi Machi. Upande wa pili, mbegu iliyokaa miaka mingi kwenye ghala lenye joto hupoteza uhai. Muuzaji asiyeweza kukutajia mwezi wa kuvuna hajui anauza nini. Zihifadhi kwenye gunia au mfuko wa karatasi mahali pakavu. Nailoni hufungia unyevu na mbegu huota ukungu.

Udongo kwanza, kisha jina la nyasi

Nairobi ina udongo wa aina mbili kubwa, na mchanganyiko unaouzwa hautofautishi. Karen, Westlands na kuelekea Kiambu ni udongo mwekundu unaopitisha maji. Embakasi, Syokimau, Athi River na Kitengela ni udongo mweusi wa pamba: mvua ikinyesha huvimba na kushika maji juu, jua likiwaka hupasuka nyufa ambazo mkono mzima huingia.

Ndata kivumbu ni nyasi ya udongo mwepesi. Mizizi yake huenda chini sana, hustahimili ukame kuliko nyingi, na ikishika hudumu miaka mingi. Lakini haipendi kusimama kwenye maji, na mche wake hupata shida kutoboa udongo mzito uliokauka juu kama sahani. Mchanganyiko ambao nusu yake ni ndata kivumbu, ukimwagwa Kitengela, umetupa nusu ya pesa. Tena hapo palipo pazuri kwake, inaweza kutawala kupita kiasi. Nyasi hiihii ilipelekwa Australia na jangwa la Sonora huko Arizona kwa ajili ya malisho, ikageuka gugu vamizi linalobeba moto na kufukuza mimea ya huko. Hapa kwetu ni ya nyumbani, ila tabia ni ileile: kwenye mchanganyiko, isizidi theluthi moja.

Mbeetwa hukubali udongo wa aina nyingi, pamoja na ule wenye chumvichumvi kiasi. Huota polepole na huonekana dhaifu msimu wa kwanza, na wengi huilima tena kwa kudhani imekufa. Nguu ndiyo inayoota haraka kuliko zote nne, na thamani yake iko hapo: hushika udongo kabla mvua haijauzoa. Chloris roxburghiana hupendwa sana na mifugo, ndiyo maana ni ya kwanza kupotea palipolishwa kupita kiasi. Inafaa kuipanda kwa uvumilivu, kwenye udongo wa tifutifu au wa kichanga, na kwa kiasi kikubwa cha mbegu kuliko nyingine.

Nyasi ambayo haimo mfukoni

Nenda Mbuga ya Taifa ya Nairobi mwezi Januari au Juni, utazame uwanda uliogeuka rangi ya kutu. Hiyo ni Themeda triandra. Pamoja na Pennisetum mezianum, Ischaemum afrum na jamii ya Digitaria, ndiyo iliyofunika uwanda wa Athi na Kapiti kwenye udongo mweusi. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo kwenye mfuko wa kawaida wa mchanganyiko. Aina nne zinazouzwa ni za nyanda kavu zaidi, za Makueni, Kajiado ya chini na Baringo. Zinatunza udongo, zinalisha, na ni za Kenya. Lakini ploti ya Kitengela iliyopandwa hizo tu haijarudishiwa uwanda wake. Imepandwa malisho mazuri ya mahali pengine. Mwenye kutaka lishe hana cha kulalamikia. Mwenye kuambiwa kwamba anarejesha uoto wa Athi ana haki ya kujua.

Sababu ya Themeda kukosekana ni ya kibiashara. Hutoa mbegu chache, hukomaa kwa vipindi, na kila mbegu ina mkia mrefu unaojisokotoa ukilowa na kujisokota ukikauka, jambo linaloifukia mbegu ardhini yenyewe lakini huifanya mashine na vidole vishindwe kuishika. Pia hulala hadi mwaka mmoja, na moshi huiamsha.

Njia inayofanya kazi ni kuhamisha mashina. Ploti nyingi za Kitengela na Isinya bado zina Themeda hai hadi siku tingatinga linapoingia. Ukipata ruhusa ya mwenye ploti inayokaribia kujengwa, chimba shina kwa kina cha sentimita 15 hadi 20 pamoja na udongo wake, ligawe kwa panga vipande vyenye machipukizi 5 hadi 10, punguza majani yabaki sentimita 10, na upande siku hiyohiyo, mvua ikiwa imekwisha kulowesha udongo hadi chini. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina takriban mita za mraba 465. Ukiacha mita moja kati ya kipande na kipande utahitaji vipande 465. Usichimbe ndani ya mbuga wala kwenye hifadhi. Mizizi ikianikwa juani hata saa mbili, vipande vingi hufa, kwa hiyo beba gunia lililoloweshwa.

Kupanda

Kiwango kinachopendekezwa kwa nyasi hizi ni kilo 5 kwa hekta, yaani kilo 2 hivi kwa ekari, zikiwa mbegu nzuri. Kwa ploti ya 50 kwa 100 ni gramu 230 tu. Watu hushangaa, kisha wanamwaga kilo mbili. Ikiwa kipimo chako cha sahani kilitoa asilimia 20, ongeza mara mbili, basi. Miche iliyosongamana hunyang'anyana maji mvua inapokatika mwezi Mei, na hufa pamoja.

Usiweke samadi. Usiweke DAP. Kampuni nyingi za bustani huziweka kwa desturi, na kwa nyasi za asili hilo ni kosa kubwa: nyasi hizi zimezoea udongo wenye nitrojeni kidogo, magugu hayajazoea. Mbolea unayoweka inaliwa na mubangi na kishona nguo, vinavyofika kiunoni kabla nyasi haijafika kwenye kifundo cha mguu.

Kwenye udongo mwekundu, kwangua mifereji ya kina cha sentimita 15 hadi 20 kukingama na mteremko, panda kabla ya mvua, na uweke mbegu kwenye ukingo wa mfereji, si chini kabisa ambako tope litazifukia. Kwenye mteremko mdogo, kama ule wa nyanda za Kajiado, mashimo ya nusu duara ya mita 5 kwa 2.5, mdomo ukitazama juu, hushika maji vizuri zaidi. Kwenye udongo mweusi subiri mvua ya kwanza izibe nyufa. Mbegu ikidondoka kwenye ufa wa nusu mita imepotea. Changanya sehemu moja ya mbegu na tatu za mchanga mkavu ili manyoya yasishikane, mwaga kwa mkono, kisha buruta tawi la miiba juu yake mara moja. Kina kisizidi sentimita moja. Mbegu nyingi za nyasi hizi hufa kwa kuzikwa kuliko kwa kiu.

Msimu wa kwanza hadi mwaka wa 10

Miezi mitatu ya kwanza ploti itaonekana imeharibika. Mubangi, kishona nguo na parthenium vitaota kabla ya nyasi, kwa sababu mbegu zake zilikuwa udongoni tayari. Kata kwa slasha kila wiki tatu au nne kwa urefu wa sentimita 10 hadi 15, kabla magugu hayajatoa maua. Nyasi changa ziko chini ya kisu na hazidhuriki. Parthenium ing'olewe kwa mkono, na glavu ni lazima kwa sababu huwasha ngozi na kuleta mzio; mche mmoja ukiachwa utoe maua unaacha maelfu ya mbegu. Mifugo isiingie kabisa hadi nyasi itoe mbegu mara moja, na hiyo mara nyingi ni msimu wa pili wa mvua. Hapa ndipo ua unapohitajika. Wakati wa ukame ng'ombe hufika hadi katikati ya mitaa, na mche wa miezi minne hung'oka na mzizi wake.

Mwaka wa pili na wa tatu ndiyo miaka ya furaha, na ndiyo wauzaji hupiga picha. Nyasi imefunga ardhi, maji ya mvua hayatiririki tena kuelekea barabarani. Wengi huishia hapo wakiamini kazi imekwisha.

Kinachofuata kinajulikana vizuri kutoka Marekani, ambako nyanda za nyasi ndefu, prairi, zimebaki chini ya asilimia 4 ya zilizokuwapo, na watu wamekuwa wakijaribu kuzirudisha kwa muda mrefu kuliko popote. Curtis Prairie, kwenye shamba la miti la Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, ilianza kupandwa katikati ya miaka ya 1930 kwenye shamba lililoachwa. Wakati huo vijana wa mpango wa ajira wa serikali walibeba mapande ya udongo yenye mimea kutoka mabaki ya prairi, njia ileile tunayopendekeza kwa Themeda. Nyasi za kigeni ziliendelea kushinda hadi majaribio ya moto ya miaka ya 1940 yalipoonyesha kwamba kuchoma kwa mpango huzirudisha nyuma. Karibu miaka 90 baadaye mahali hapo pana utajiri mkubwa wa mimea, na bado vichaka huingia, na upande unaopokea maji ya mvua kutoka mjini umechukuliwa na nyasi vamizi iitwayo Phalaris arundinacea. Mwenye ploti ya Syokimau iliyo chini ya mtaro wa barabara alitazame hilo kwa makini: maji ya mji huleta mbolea na mbegu za magugu, na kuyachepusha ni kazi ya mwaka wa kwanza.

Jambo la pili walilojifunza ni kwamba nyasi hodari hula wenzake. Huko ni Andropogon gerardii. Prairi nyingi zilizopandwa mbegu za nyasi kwa wingi na za maua kwa uchache zilianza na aina nyingi, kisha maua yakapungua mwaka hadi mwaka. Kule Fermilab, maabara ya fizikia huko Illinois, profesa wa biolojia Robert Betz alianza mwaka 1975 kupanda ndani ya duara la mtambo wa fizikia kwa mpango wa hatua: kwanza mimea migumu inayovumilia magugu, kisha ile laini iongezwe udongo ukiwa tayari. Udongo wa huko umefundisha pia kuhusu muda: chembe hushikamana tena ndani ya miaka 10 hivi, lakini kaboni hurudi polepole sana, kwa miongo. Kampuni inayokuahidi mapato ya kaboni kutoka kwenye ploti baada ya miaka mitatu inakuuzia ndoto.

Kwetu mfano mrefu zaidi uko Baringo, ambako mradi uliokuja kuitwa RAE Trust umekuwa ukipanda nyasi za asili tangu 1982 kwenye ardhi iliyokuwa wekundu mtupu. Viwanja vilivyodumu huko ni vile vyenye ua, wenye kuamua ni lini mifugo iingie na itoke, na faida inayovunwa kila mwaka: nyasi za kuezekea, mbegu, malisho ya kukodisha. Kufungia ploti na kuiacha hakukuwa mpango.

Nairobi, mwaka wa nne hadi wa sita, ploti isiyoguswa huanza kujisonga. Nyasi kavu za miaka iliyopita hulala juu ya mashina, mwanga haufiki chini, machipukizi hufa kutoka katikati. Themeda ni dhaifu zaidi kwa hilo. Huko Victoria, Australia, ambako nyasi hii pia ni ya asili, uwanda uliokaa zaidi ya miaka 10 bila moto ulionekana ukianguka, mashina yakifa kwa wingi. Mtaani huwezi kuwasha moto, na hupaswi. Badala yake kata ploti nzima mara moja kwa mwaka mwishoni mwa kiangazi, Februari au Septemba, kwa sentimita 10, na uondoe nyasi zote zilizokatwa. Kukata na kuziacha palepale ni kosa lilelile kwa sura nyingine. Marobota unaweza kuyauza. Ikiwa ploti ni kubwa kiasi cha kulisha, ingiza ng'ombe kwa siku chache, waondoke nusu ya nyasi ikiwa bado imesimama.

Ukifika mwaka wa 8 bila kukata, migunga na lantana vimeshaingia, na kuving'oa kunagharimu kuliko mbegu zote ulizonunua.

Maua, ambayo hakuna anayeyauza

Uwanda wa Athi una mimea isiyo nyasi kwa wingi: Crotalaria, Indigofera, kongwe, Aspilia mossambicensis, Pentanisia ouranogyne ya buluu mpauko, na Cycnium tubulosum, ile yenye maua meupe yaliyolala chini kama karatasi za shashi zilizopeperushwa na upepo. Nyuki, vipepeo na ndege wanaokula wadudu huzifuata hizi kuliko nyasi. Mfuko wa mchanganyiko unaoitwa "wa uwanda" na usio na hata mmea mmoja wa maua ndio ulioshusha nyota.

Hizi zikusanywe kwa mkono kando ya barabara na kwenye ploti za jirani, kwa ruhusa, ukichukua mbegu chache kutoka kila mmea. Mbegu za jamii ya kunde zina ganda gumu. Zisugue kwa msasa au uziloweke kwenye maji ya moto usiku kucha. Zipande kwanza, au katika viraka vyake vya mita mbili kwa mbili visivyo na mbegu ya nyasi, kwa sababu zikichanganywa na nyasi tangu mwanzo nyingi hazitaonekana mwaka wa tano. Cycnium ni tofauti: hunyonya kwenye mizizi ya nyasi, kwa hiyo huwekwa mwaka wa tatu, mbegu ikikwanguliwa chini ya mashina yaliyokomaa. Huko Marekani mmea wa ukoo huohuo, Pedicularis canadensis, hupandwa makusudi ili kuzipunguza nguvu nyasi zinazotawala na kuyapa maua nafasi. Cycnium inastahili kujaribiwa kwa kazi hiyo hapa.

Ununue nini

Kwa udongo mwekundu wa futi 50 kwa 100: gramu 90 za mbeetwa, 70 za ndata kivumbu, 70 za nguu, kila moja kwenye mfuko wake uliopimwa, uchanganye mwenyewe. Chloris ongeza gramu 50 ikiwa udongo ni wa kichanga. Kwa udongo mweusi: gramu 120 za mbeetwa, 60 za nguu, ndata kivumbu sifuri, na vipande vya Themeda vingi kadiri utakavyopata. Fedha utakayookoa kwa kutonunua mchanganyiko, samadi na DAP, ilipe kazi ya slasha ya mwaka wa kwanza na ua. Fundi akikuletea mfuko uliofunguliwa tayari, urudishe, na umuulize muuzaji mwezi wa kuvuna kabla hujalipa.